Zipu ya Inchi Saba

Nimetoka zamu ya usiku Bombo, nyayo zinawaka,
nikapita Barabara ya Nane kununua zipu ya sare.
Juu ya kaunta mtoto anapanga vifungo kwa rangi,
akimaliza anavivuruga.
"Mjukuu anaitwa nani?"
"Srishti."
"Maana yake?"
"Uumbaji," akasema Kusumben,
kisha akauma mdomo kama mtu aliyerudisha chenji pungufu.

"Hapana. Siyo kuumba kwenu.
Ninyi mkisema kuumba naona udongo,
vidole, mtu kainamia chungu.
Mzizi wa hili ni *srij*: kuachia.
Kumwachia ng'ombe kamba. Kuachia mshale.
Kuachia maji mferejini,
wala mkono haubaki juu ya kitu."

Akaandika kwa chaki ya fundi kwenye boksi la uzi:
*srij*, halafu *ti*.
"*Ti* hukamata tendo ikalifanya jina,
kama *u* yenu, ila yenu hutangulia, yetu hufuata.
Sasa *j* na *t* hawakai chumba kimoja.
Wakikutana, *j* hugeuka *sh*,
*t* hukunja ulimi hadi kaakaani. Jaribu."
Nikajaribu.
Mtoto alicheka hadi akamwaga vifungo vya buluu.

"Na ni la kike."
"Nani?"
"Neno."
Yetu hayana kike wala kiume, nikamwambia, yana ngeli.
Hili ningelilaza wanapolala wageni:
sahani, kalamu, treni, zipu.
Srishti moja, srishti elfu, halibadiliki.
Hapo akanyamaza.
Alifundishwa na baba yake, karani wa mkonge Ngomeni.
Kanuni nyingi amezisahau;
fimbo, hapana.

Usiku uleule, Zaina Shekalaghe wa Pongwe
kauma meno, kashika chuma cha kitanda
kama mali ya urithi.
Nikamwambia ninalowaambia wote:
usizuie, mama. Achia.

Saa tisa na robo.
Nikafungua daftari la wodi, nikaandika
neno niliyeliandika miaka kumi na moja:
*amejifungua*.
Kalamu ikasita.
*Fung-*, fundo lenyewe.
Kisha ile *-u-* ndogo inayolirudisha nyuma.
Na *ji-*: hakuna aliyemfungua.

Mtoto wa kike, kilo tatu na robo, analia vizuri.
Mgongoni sare yangu bado imeshikwa kwa pini.
Zipu niliilipia,
nikaiacha palepale, kati ya vifungo.