Kona ya Isyonje

Miaka sita nilishuka hapa kwa pikipiki,
matenga mawili ya kabichi nyuma,
koti la mtumba nimelivaa kinyumenyume
ili zipu isipitishe baridi kifuani.
Barabara niliisoma kwa magoti.
Magoti yalijua palipomwagika dizeli,
palipolala mchanga baada ya mvua,
na pale darajani, mavi ya ng'ombe wa Mwaipaja,
mabichi kila saa moja na nusu asubuhi.
Shimo la tatu baada ya kibao cha shule
tulilibatiza Mkwe,
maana linapishwa kwa mbali, bila kutazamana.

Hofu yangu ilikuwa na urefu wa hatua nne
mbele ya tairi. Basi.
Malori? Lori ni kubwa kama nyumba,
na nyumba haimrukii mtu.
Nilipenya kati yake na mtaro nikipiga mluzi,
injini nimeizima kubana mafuta.
Anayeogopa, tulisema kijiweni Uyole,
arudi akalime pareto.

Sasa niko juu ya Fuso.
Tani saba za viazi mgongoni,
kiti kina mto alioushona mke wangu Tumpe,
hita inapasha mguu mmoja tu.
Kutoka huku juu Mkwe ni chai kutikisika kikombeni.
Dizeli iliyomwagika siioni, wala hainihusu.
Ninachokiogopa kina majina mengine:
breki zinazonuka, springi ya nyuma,
trafiki wa Igawilo na daftari lake,
bei ya gunia itakavyoamka kesho.
Na bodaboda, Mungu anisamehe,
bodaboda ni inzi.
Nilisema hivyo kwa mdomo huu.
Gwamaka, utingo wangu, akacheka,
naye ana kaka yake kijiweni.

Jumanne ile ukungu ulikaa barabarani
kama ng'ombe aliyegoma kuinuka.
Nilihama kulia kulikwepa tawi la mlingoti,
lile tunaloliweka gari likiharibika
na kulisahau likitengemaa.
Nikatazama kioo cha kushoto:
majani, ukungu, majani.
Nikarudi kushoto.
Gwamaka akapiga bodi kwa kiganja, mara tatu.
Hakuita jina langu. Alipiga tu.

Kijana alikuwa ameketi mtaroni,
pikipiki imelala juu ya matete, tairi bado linazunguka.
Goti lilichanika suruali na ngozi pamoja.
Maparachichi yake yalibingirika
peke yao kuelekea Igawilo.
Ambakisye, alisema jina lake,
ingawa hakuna aliyemuuliza.
Hakutukana. Afadhali angetukana.
Alinitazama kama mtu aliyeshindwa na hesabu nyepesi:
"Lakini mimi nilikuona, kaka.
Nilikuona tangu kule juu."

Aliniona mzima:
turubai la bluu, kamba, namba,
hata kiazi kimoja kilichotoboa gunia.
Aliniona vizuri mno
akaamini kwamba nami namwona.
Nami miaka sita niliipita nyumba isiyoruka
bila kufikiria kwamba ndani yake
kuna mtu anapiga hesabu za magunia.

Tuliokota maparachichi yaliyobaki.
Gwamaka akamfunga goti kwa kitambaa cha kufutia kioo.
Kisha, sijui kwa nini,
nilimpandisha kwenye kiti changu, juu ya mto wa Tumpe,
injini imezimwa, jiwe chini ya tairi,
nikashuka nikasimama kushoto, nyuma kidogo ya mlango,
pale pale alipokuwa yeye.

"Unaniona?"
Kimya. Ukungu ukidondoka kwenye turubai.
"Kaka, umekwenda wapi?"
Nikapiga hatua moja mbele.
"Bado."
Ya pili.
"Bado."
Ya tatu.
Kule nyuma gari lingine lilikuwa likishuka, nalisikia gia zake,
na Gwamaka akakimbia kuliinua tawi juu.
Nikapiga ya nne.
"Sasa," akasema Ambakisye kwa sauti ndogo,
"kofia. Kofia tu."