Lehemu

Daktari Ndeshukurwa kasema: lehemu imezidi.
Nikacheka. Nikamwambia, dada yangu,
lehemu ndiyo ugali wangu.
Miaka thelathini na moja naziba nayo
mabirika ya Kiborloni, beseni za Njoro,
mabomba ya shaba ya nyumba za watu wa Rau;
bati na risasi vikilia kwenye ncha ya chuma,
moshi wake nimeuvuta hadi nywele zimefanana nao.
Ikizidi, naipangusa kwa kitambaa ingali moto.
Hii ya kwako
inapanguswa na nini?

Hakucheka.
Akageuza karatasi, nikaisoma kama mita ya maji:
lehemu mbaya juu, lehemu nzuri chini,
na ile ya tatu, trigliseridi,
jina refu kama treni ya Tanga.

Akanilaza. Kifaa kimoja shingoni, kingine kinenani,
akapima pigo linavyokimbia kutoka hapa hadi pale.
“Linawahi mno,” akasema.
Mimi nilidhani kuwahi ni sifa.

Kisha akanieleza mishipa inavyokakamaa,
mafuta yakigandia kutani mwaka baada ya mwaka,
na si mafuta tu: umri, presha, chumvi, sigara zangu.
Alieleza vizuri. Lakini nilikuwa nimeshaelewa kabla yake.

Mpira mpya wa bustani, ukifungua koki,
kwanza unavimba kidogo, unaumeza mshtuko,
ndipo maji yanatoka kwa adabu.
Mpira uliokaukia juani hauvimbi.
Na bomba la chuma, ukilifunga ghafla,
ukuta mzima unashtuka: ndu!
Wenye nyumba hunipigia simu usiku wa manane,
“Fundi, kuna mtu anagonga ukutani.”
Hakuna mtu, mama.
Ni bomba lisilojua kupokea.

Tangu Pasaka nami nasikia mtu anagonga
nikilalia sikio la kushoto.
Nilishatoka mara mbili na tochi.

Nyumbani Anasia ameacha mtori wa jana jikoni.
Ni Julai, mlima umejifunika, baridi inauma mpaka vidoleni,
na juu ya sufuria kumetanda ngozi nyeupe,
laini, imeshika kingo zote.
Ningeiona kwenye kiungo cha bomba
ningesema: fundi huyu anajua kazi.
Nikachukua kijiko. Nikakwangua.
Nilipomaliza kuliko nilivyotaka kumaliza
mke wangu alikuwa mlangoni, kimya,
ameshika karatasi niliyoificha kwenye kofia.

Baba alidondokea mferejini, kule Kibosho,
siku ya zamu yetu kuzibua, jembe bado mkononi.
Umri wake ndio wangu wa mwakani.
Alikuwa akipenda kisusio, na mafuta ya ndafu
aliyapaka kwenye ndizi kama mtoto.
Tukakaa kikao. Tukatafuta mkono wa mtu.
Tukaupata: Aikande, mke wa baba mdogo,
aliyempa mbege asubuhi ile
na hakuwa na mtu wa kumtetea.
Miaka ishirini na mbili.
Kwenye misiba tunazunguka nyuma ya turubai
ili tusimpe mkono.

Nilimuuliza daktari. Alinijibu kama mtu mkweli:
hajui. Baba hakuna aliyempima.
Huenda ni moyo, huenda si moyo.
Nilitaka aniandikie kwa mhuri, nipande nayo kihambani
niisome mbele ya wote.
Kaniandikia vidonge, kimoja kila usiku,
na nitembee nusu saa kwa siku,
milima ikiwezekana.

Kutoka barabarani hadi kwa Aikande ni mlima mtupu.
Jumamosi nitaupanda polepole, nikipumzika kwenye kila daraja la mfereji.
Sina karatasi yake. Nina yangu tu.
Nikifika nitagonga,
si kwa nguvu;
mlango wake, nakumbuka, una bawaba moja,
na nyingine niliahidi kuitengeneza
wiki ile.