Sahani ya Mgeni

Mkesha wa Krismasi, Łódź, theluji imegoma kuanguka.
Dada yangu Jadwisia anapanga meza:
vyakula kumi na viwili, ndiyo desturi,
na sahani moja tupu ya mgeni asiyetarajiwa.
Kila mwaka ananiketisha kando yake.
Hajui kuwa mgeni nimekuja naye.

Miaka saba iliyopita walinikata tumbo,
wakaniachia kipande chembamba kama ndizi.
Niliingia na kilo mia moja thelathini na moja.
Mwaka haujaisha, pete ya ndoa ikachomoka
nikinawa mikono kwenye karakana ya tramu;
nikaisikia ikigonga gonga ndani ya bomba, nikacheka.
Nywele nazo zilitoka. Hizo sikuzichekea.
Kilo sabini na sita. Watu wakasema, umeshinda,
kana kwamba yalikuwa mashindano, na mbele pana utepe.

Mwaka wa tatu, haba na haba.
Kibaba chenyewe kilikuwa mimi:
karanga mbili kabla ya zamu,
biskuti iliyovunjika (ya kuvunjika haihesabiwi),
maziwa katika kahawa ya tatu.
Nikaacha vyote. Nikaandika kila tonge daftarini.
Mzani ukapanda gramu mia mbili, mia tatu.
Nikanunua mzani mwingine.
Nao ukawa na ulimi uleule.

"Mwili wako si mwizi," alisema Bi Kunegunda wa kliniki,
"ni mpishi aliyewahi kulala njaa.
Ameona ghala linapungua, akaondoa kuni jikoni:
chungu kilekile, makaa machache.
Mwanamke mwenye kilo kama zako ambaye hakupungua kamwe
huenda anakula vipande viwili vya mkate zaidi yako,
na uzito wenu ukabaki sawa."

Niliomba anwani ya mwanamke huyo.

Usiku ule nilimkumbuka bibi, Apolonia,
wa kiwanda cha pamba, aliyechemsha maganda ya viazi wakati wa vita.
Hadi anakufa alificha makoko ya mkate chini ya mto;
tuliyakuta yameota ukungu, amani ikiwa na miaka arobaini.
Hakuna aliyemwita mlafi.
Tulikung'uta mto, tukanyamaza.

Basi nawe, mwili, unaficha makoko.
Nikuambie nini? Vita vimekwisha?
Hata yeye aliambiwa, na redioni.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Naishi ghorofa ya nne, shamba sina,
kwa hiyo njaa nimeikabidhi koleo la theluji.
Inaamka nami saa kumi alfajiri.
Inameza chuma, chokaa, na kile kidonge chekundu.
Yai kwanza, mkate baadaye, maji mbali na chakula.
Kituo cha mwisho nina dakika tisa za kupumzika:
nazunguka tramu yangu mara kumi na nne,
abiria mmoja aliwahi kuniuliza nimepoteza nini.
Na Ijumaa nasimama juu ya mzani, bila soksi,
kama mtu anayeitika jina lake kwenye orodha.
Themanini na tatu. Themanini na nne. Themanini na tatu.
Hakuna anayepiga makofi kwa namba isiyosogea.
Zamani nilibadilisha nguo kila mwezi,
sasa koti hili ni la msimu wa nne, kiwiko kimechakaa,
na ninalishona.

Jadwisia anapakua. Kijiko kimoja kwa kila chakula, namwomba.
Bitiruti. Uyoga. Samaki, natafuta miiba kwa ulimi.
Kufika cha saba, tumbo linafunga mlango kwa adabu,
lakini kichwa bado kiko barazani, kinanusa.
Vijiko vitano vilivyobaki
navimwaga polepole kwenye sahani ya mgeni.

Dada ameona. Hasemi kitu.
Anainuka, anafungua kabati la juu,
anarudi na kibakuli chenye kifuniko.
"Cha zamu ya kesho," anasema.
Na kisha, akiwa amegeuka: "Ni namba gani sasa?"
Nafikiri anauliza kilo.
Anauliza tramu.