Uma wa Sauti

Mtaala umenipa dakika arobaini.
Ndege za Kipawa hunikata sita.
Kila moja ikishuka bati linalia,
chaki zinacheza ndani ya boksi,
nami nabaki mdomo wazi mbele ya watoto mia na tisa
kama redio iliyokatikiwa umeme.

Leo ni sauti. Uma wa sauti hatuna.
Tunao kitabuni, ukurasa wa sitini na tatu,
mchoro uliofifia, wenye meno mawili;
Sikudhani alidhani ni kwato ya mbuzi.

Basi nimekuja na kopo la maziwa,
nimelivika ngozi ya puto la sikukuu,
juu yake punje za mchele, kumi na nane,
nimezihesabu, maana mchele nao una bei yake.
"Gonga," nikamwambia Mwinjuma.
Akaigonga sufuria, shibiri moja kutoka kopo,
punje zikaruka.
Hakuna aliyezigusa!
Darasa zima likasema aaah,
na ile aaah nayo ikazirusha.

Sauti ni nini, basi?
"Kelele, mwalimu."
"Upepo wenye maneno."
"Ni hewa imekasirika," akasema Sikudhani,
nikaiandika ubaoni kwa herufi kubwa,
kisha nikakumbuka mtihani, nikafuta,
nikaandika MTETEMO.
Hasira ya hewa haikufutika vizuri.
Mpaka saa saba ilikuwa bado inachungulia
chini ya jibu sahihi.

"Na ikiisha, inakwenda wapi?"
Inageuka joto, nikasema, joto dogo mno.
Wakatazama bati, wakatazama wingi wao,
wakaridhika.

Kibwana peke yake hakunakili.
Hukaa nyuma, kwenye dirisha lisilo na kioo.
Baba yake ni fundi Gerezani, hufua masanduku
ya watoto wanaokwenda bweni;
nyundo imemla masikio, miaka ishirini na ushei.
"Baba simwiti kwa mdomo," alisema.
"Nagonga meza yake ya chuma,
yeye anasikia kwa kiganja.
Mara tatu, chakula. Mara mbili, mteja."

Na mara moja?

Akatazama viatu vyake.
"Mara moja si kitu. Ni mimi tu."

Nikafunga kitabu.
Lazeni viganja juu ya madawati, nikawaambia,
fumbeni macho, msubiri.
Ndege ya saa nne na robo ikaja,
ikaingia kwa miguu ya madawati, ikapanda mbaoni,
ikatekenya vidole elfu moja na tisini.
Hakuna aliyeziba masikio.
Dakika ile, kwa mara ya kwanza, sikuidai.

Jumamosi nikashuka Gerezani.
Nyundo mbele, nyundo nyuma, cheche za kuchomelea,
majiko yamepangwa mpaka barabarani.
Nilimjua kwa kisogo, kile kile cha mwanawe.
"Hodi, fundi," nikaita kwa mazoea,
nikajionea haya.
Nikagonga meza. Mara moja.

Akageuka na tabasamu tayari usoni,
likamkuta mtu siye.

Nikafungua ukurasa wa sitini na tatu,
nikaonyesha kwa kidole.
Akaupima mchoro kwa jicho, akacheka kidogo,
akachagua nondo nyembamba,
akaitia motoni, akaikunja, akaipoza majini,
akaigonga gotini,
kisha akaing'ata shina lake kwa meno
na kufumba macho.

Alikaa hivyo muda mrefu.
Wateja tukasubiri.