Kutonesha

Jambo lenyewe lilichukua muda mfupi kuliko kukaanga yai.
Mwombeki, muuza pumba wa Kimara Suka,
alimbana Koplo kati ya magoti. Wembe mpya, uzi wa viatu,
elfu kumi na tano, na maneno ya nyongeza:
"Mbwa mwenye mkia hatishi mtu."
Nami nilishika kichwa.
Niandike hivyo hivyo: nilishika kichwa.

Kiwanja chetu cha Goba hakina ukuta bado,
kina msingi wa ukuta, na deni la tofali.
Nilitaka kitu cha kutisha kwa niaba ya ukuta.

Siku ya nne kigutu kilinuka.
Siku ya sita uzi ulikuwa umezama ndani ya nyama
na nzi wa kijani wanaijua njia kuliko wageni wetu.
Atupele, mwanangu, miaka minane,
alichemsha maji ya chumvi bila kuambiwa,
akapaka jivii mpaka vidole vyake vikawa zambarau,
akaenda navyo shule, akaulizwa,
akasema ni wino.

Koplo alijilamba. Tukaikata ndoo ya rangi,
tukamvisha shingoni, maandishi bado yanasomeka,
NYEUPE YA MAZIWA, lita kumi,
akawa anagonga milango, meza, miguu ya mama mkwe.

Dokta Rukonge alikuja kutoka Mbezi na mkoba wake.
Akatoa uzi, akaondoa nyama iliyooza, akakuta mfupa uko wazi.
"Aliyemkata kapita katikati ya pingili,
hakutafuta kiungo."
Akashona. Hakunigombeza.
Aliandika risiti kwa mwandiko mzuri sana,
nikaona afadhali angenigombeza.

Nyuzi zikafumuka. Akashona tena. Zikafumuka.
"Huyu jioni huwa anafanya nini?"
Atupele akajibu: "Baba akirudi, anafurahi."

Basi hilo ndilo lililokuwa likimtonesha.
Mimi.
Mlio wa pikipiki yangu kwenye kona ya mashine ya kusaga,
na kile kipande kilichobaki, inchi mbili hazifiki,
kinapiga mbao za banda, kinapiga, kinapiga,
na mbao zina alama zake hadi leo.

Kwa wiki tano nilizima injini konani,
nikaisukuma pikipiki mlima mzima,
abiria wa mwisho nimeshamshusha, viatu mkononi,
naingia kwangu kama yule mwizi
ambaye kwa ajili yake nilishika kichwa.
Sikumwita. Sikupiga mluzi. Nilipita nikitazama chini
naye akinitazama kutoka ndani ya ndoo
kama aliyetumbukia kisimani
na anasikia nyayo za watu wakipita juu.

Jana Dokta kasema basi. Kovu limefunga,
upara mdogo, mgumu, unang'aa kama kifungo cha koti.
Jioni nikapanda mlima injini ikinguruma,
nikapiga na honi, majirani wakadhani harusi.
Koplo akaja mbio mpaka miguuni.
Kiuno kizima kikayumba, na mabega, na masikio,
kisha akasimama ghafla,
akageuka kutazama nyuma yake,
kama anamtafuta yule
aliyekuwa akimsaidia kusema.