Boriti

Baba yangu, Bohor Algranti, alishona magodoro
katika uchochoro wa nyuma ya soko, mjini Izmir.
Pamba aliichambua kwa uta, kamba ikilia dum, dum,
na nusu ya mtaa ililala juu ya kazi ya mikono yake.
"Usingizi nauza," alisema. "Ndoto siziwekei dhamana."

Usiku ule ndoto ilimjia yeye.
Boriti za nyumba zilishuka moja moja, bila kelele,
kama watu wazima wanaopiga magoti,
na vumbi likamjaa kinywani, lenye ladha ya chumvi.
Nilimsikia. Sauti haikuwa ya baba,
ilikuwa ya mbuzi aliyenaswa kwenye ua.

Kulikucha Sabato. Hakugusa mkate.
Kufunga siku hiyo ni mwiko kwetu,
lakini kwa ndoto za namna hii (boriti, meno yanayong'oka,
gombo la Torati likiungua) mlango umeachwa wazi:
aliyeshtuka na afunge,
kisha siku nyingine afunge tena,
kulipia furaha aliyoinyima Sabato.
Mama hakubisha. Aliyafunika mayai,
yaliyoiva usiku kucha kwa maganda ya vitunguu.

"Niitie watu watatu wanipendao."
Ndoto hufuata mdomo wa anayeifasiri
kama maji yafuatavyo mfereji,
na kinywa ni jumba la maneno:
humpi kila mpita njia ufunguo.
Rahamim, muuza samaki wa chumvi, alikuja mbio.
Nissim Pardo, kinyozi, akaja na koti juu ya nguo za kulalia.
Wa tatu?
Baba alilitazama dirisha muda mrefu.
"Nenda kwa Merkado."

Merkado, baba yangu mdogo,
yule aliyeuzwa utotoni kwa jirani, kwa sarafu moja,
ili Mauti ikija kumwulizia isimkute mlangoni kwao.
Miaka sita hawakusemezana, kwa ajili ya cherehani ya babu.
Cherehani yenyewe ilishaota kutu.
Hata chuma huota.

Aliketi karibu na mlango, kofia kichwani.
Baba akasimama mbele yao, akasema mara tatu
kwamba ameota ndoto njema.
Mara tatu wakamjibu kwamba ni njema, na iwe njema,
na Mwenye Rehema aigeuze njema.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilijua nilichosikia usiku.
Nikawaza: watu wazima wanne wanadanganya, tena mbele ya Mungu.
Sikujua bado kwamba yapo maneno yanayofanya kazi kama sindano.
Sindano haielezi godoro. Hulishona.

Hakuna aliyeuliza ameota nini.
Ila Merkado, alipoinuka, alitazama juu.
Boriti ya katikati ilikuwa na matundu ya mchwa,
na unga wa mbao ulikuwa umetua begani mwa koti lake jeusi.
Hakusema. Siku ya Sabato mbao hazipimwi.
Jumatatu akaja na nguzo ya mwaloni begani,
akaisimamisha katikati ya magodoro,
akaigonga kwa ngumi mara mbili,
akanywa chai bila sukari, akaenda zake.
Cherehani haikutajwa.

Husemwa ndoto ni fungu moja la unabii katika sitini.
Nilimwuliza baba hayo hamsini na tisa ni ya nini.
"Pamba," alisema.

Sasa nina miaka sabini na moja.
Jana niliota meno yangu yamo kiganjani, makavu, yanahesabika.
Nimeamka nikawahesabu wanaonipenda:
Djoya wa ghorofa ya chini.
Daktari Kalderon, ambaye labda ananionea huruma tu.
Kidole cha tatu kimebaki hewani.
Mkate uko mezani, nimeufunika.
Jina ninalo moja.
Nimeshika simu tangu alfajiri.