Kisiki cha Jiwe

Pango la Stubble halina lango wala mlinzi.
Unaegesha gari nyuma ya kanisa la Kibatisti,
unakatiza malisho ya ng'ombe, unainama,
na Tennessee yote inabaki juu na joto lake.

Jumamosi tulikuwa tisa, kila mtu na ndoo yake.
Verlon, fundi bomba mstaafu, ndiye aliyegawa brashi:
"Nailoni tu. Waya utalikwaruza jiwe
kuliko huyo mshenzi aliyeliandika."
Nikaitikia. Nikakaza mkanda wa helmeti.
Mgongoni, ndani ya soksi,
nilibeba siri ya urefu wa kiganja.

Ukumbi wa kwanza: rangi nyekundu, ya fedha, ya waridi.
DUSTIN. DUSTIN tena. Moyo na mshale.
Tusi lililokosewa tahajia.
Chupa za bia zimepangwa juu ya mwamba
kama bidhaa zinazongoja mteja.
Na popo wako wapi?
Verlon akaelekeza taa darini: mmoja,
amejikunja kama tende kavu,
na chini yake jivu la mtu aliyesikia baridi.

Tukasugua. Herufi hazifi upesi.
D ilitoka saa nne, U saa sita kasoro,
maji ya ndoo yakawa rangi ya ufizi.
Chini ya S ikachungulia nyingine, nyeusi,
ya moshi wa mshumaa: E. Tackett, 1861.
"Hiyo acha," akasema Verlon. "Hiyo historia."
Kijana wa chuo akacheka:
"Kwa hiyo Dustin kapungukiwa miaka tu?"
Hakujibiwa. Brashi zikaendelea.

Niliaga kwamba nakwenda kuchota maji.
Nikatambaa hadi chumba cha nyuma,
pale ambapo, mwaka wa themanini na saba,
mimi na Tansy Bledsoe na tochi ya baba yake,
nilirukia ncha iliyoning'inia, nikaivunja.
Ilitoa mlio wa kijiko kwenye glasi.
Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Limekaa dirishani jikoni miaka yote hiyo,
kati ya sabuni na mshubiri.
Humu lilimeremeta kama jino la mtoto,
nyumbani likawa chaki.
Mume wangu aliwahi kuuliza ni nini.
Zawadi, nikamwambia.

Nikalitoa kwenye soksi. Nikanyoosha mkono,
nikakutanisha kidonda na kidonda.
Havikushikana.
Kisiki kilikwisha kuota mdomo mpya,
mfupi kuliko punje ya mchele,
umebeba tone.
Miaka thelathini na saba, na kazi yote ndiyo hiyo.

Yakimwagika hayazoleki, tunaambiwa.
Haya hayamwagiki. Yanajikusanya,
yanafikiri, ndipo yanaachia.

Nikalilaza jiwe chini, tone linapoangukia.
Moja.
Verlon akaniita, jina langu likaja likiwa limelowa,
limepinda kona tatu.
Sikuitika.
Nilikuwa nangoja la pili.